Nipo, Mwalimu

Mara ya kwanza kuitazama The Inspector General nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani, anayelala kitanda cha juu, akapiga ukingo wa kitanda kwa kisigino. Ilikuwa saa saba za usiku. Nilikuwa nimeziba masikio kwa spika ndogo, kwa hiyo sikujua sauti yangu imepanda kiasi gani. Kwenye skrini Danny Kaye, mwembamba, nywele nyekundu, njaa ya siku nyingi tumboni, alikuwa anajaribu kula chakula cha farasi kutoka kwenye mfuko wa farasi mwenyewe.

"Unaangalia nini wewe?" akauliza kutoka juu.

"Naandaa semina."

Akasema kama semina zenyewe ndizo hizo, basi kesho anaacha uhasibu anahamia fasihi.

Kweli nilikuwa naandaa semina. Muhula huo tulikuwa na kozi ya fasihi linganishi, na kila mwanafunzi wa uzamili alitakiwa kuchagua tamthilia moja na filamu iliyotokana nayo, aeleze filamu imebeba nini, imeacha nini, na kwa nini. Wenzangu walikimbilia Shakespeare. Mimi nilimchagua Nikolai Gogol, na nikiri kwamba ulikuwa uvivu: tamthilia yake niliijua tangu utotoni. Baba yangu, aliyefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa na nakala ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka, iliyokwisha kupoteza jalada na kushonwa mgongoni kwa uzi wa gunia. Usiku ambao redio haikuwa na betri alitusomea, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Filamu nayo ilikuwa ya bure. Warner Bros. waliitoa mwaka 1949, mwongozaji akiwa Henry Koster, na kwa kuwa haki zake hazikuhuishwa huko Marekani, iko mtandaoni kwa yeyote mwenye bando. Bando nililokuwa nalo lilitosha.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi yake ni hii. Georgi, ndiye Danny Kaye, anazunguka na tapeli aitwaye Yakov wakiuza dawa ya chupa inayotibu kila kitu. Georgi hajui kusoma wala kuandika, na ana udhaifu mwingine mbaya zaidi kwa mwuza dawa: uongo haumkai mdomoni. Siku moja ukweli unamponyoka mbele ya wateja kwamba dawa ile si dawa, na inabidi atoke mbio. Anafika mji wa Brodny akiwa hoi. Hapo ndipo pa yule farasi. Anakamatwa kwa uzururaji na kuhukumiwa kunyongwa kesho yake, kwa sababu mkuu wa polisi anataka aonekane anafanya kazi.

Wakati huohuo meya wa Brodny, ambaye amejaza binamu zake katika kila ofisi ya mji, anapata habari kwamba Mkaguzi Mkuu yuko jirani na huenda amejibadilisha asitambulike. Mzururaji aliyeko mahabusu ndiye wanayemdhania. Anatolewa, anavishwa, anaketishwa mezani pa wakubwa. Kuna wimbo mmoja, ulioandikwa na Sylvia Fine, mke wa Kaye, ambamo vichwa vyake vingine vinatokea hewani na kumfundisha jinsi ya kujifanya mkubwa: awe na kiburi, awe na madaha, asimtazame mtu usoni. Yakov anamfuata na kumshawishi abaki ili wavune rushwa. Wenye mji nao, mbali na kumhonga, wanajaribu kumwua na hawawezi. Mwisho Mkaguzi wa kweli anawasili, anaona kila kitu, na anatamka kwamba katika safari yake yote hajakutana na mtu mwaminifu kama Georgi. Meya anavuliwa mkufu wa dhahabu wa cheo, anavikwa Georgi. Anapata na mchumba, Leza, mtumishi wa nyumbani kwa meya.

Niliifunga kompyuta nikiwa na furaha. Kwenye daftari niliandika mstari mmoja: filamu inachekesha kwa mwili, tamthilia inachekesha kwa maneno. Nikaona nusu ya semina imekwisha. Nikalala.

Shida ilianza nilipokirudia kitabu.

Kwa Gogol hakuna Georgi. Anayedhaniwa kuwa mkaguzi ni Khlestakov, karani wa ngazi ya chini kutoka St. Petersburg, aliyemaliza fedha zake kwenye kamari na amekwama katika nyumba ya wageni zaidi ya wiki mbili bila kulipa. Yeye si mkweli hata kidogo. Akishajua kwamba anaogopwa, uongo unamtoka kama maji ya bomba lililopasuka: nyumbani kwake supu huletwa na meli kutoka Paris ikiwa ndani ya sufuria yake, tikiti maji moja linagharimu rubo 700, na siku moja matarishi 35,000 walitumwa kumtafuta aje aongoze idara. Na wanaomsikiliza si wakweli. Meya anachukua, jaji anachukua, mkuu wa posta anafungua barua za watu na kuzisoma. Khlestakov anakopa kwa kila mmoja, anamchumbia binti wa meya, anaondoka na farasi wazuri. Barua yake kwa rafiki inafunguliwa posta, wanajua wamedanganywa, na wakati huohuo askari anaingia kutangaza kwamba mkaguzi wa kweli amefika na anawaita. Gogol anaagiza waigizaji wote wagande jukwaani, kila mmoja katika pozi lake, kwa karibu dakika moja na nusu. Kisha pazia.

Hebu jaribu kukaa kimya dakika moja na nusu mbele ya watu. Nilijaribu chumbani, mbele ya kioo. Ni muda mrefu mno.

Kabla ya ukimya huo meya anawageukia watazamaji na kuwauliza wanamcheka nani, kwani wanajicheka wenyewe. Tamthilia ilipoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg, Aprili 1836, Tsar Nicholas I mwenyewe alikuwa ukumbini, na inasimuliwa kwamba alitoka akisema kila mtu amepata fungu lake, naye amepata kubwa kuliko wote. Wakubwa wengine hawakuwa na ucheshi huo. Gogol aliumizwa na jinsi alivyopokelewa na miezi miwili baadaye aliondoka Urusi. Baadaye alilalamika kwamba hakuna aliyemwona mhusika mmoja mwaminifu aliyekuwamo katika tamthilia yake, yaani kicheko. Toleo la mwaka 1842 akalitangulizia methali ya Kirusi inayomkataza mtu kukilaumu kioo kama uso ni wa kombo.

Basi hapo nikaelewa filamu imefanya nini. Imetuwekea mtu mwema ndani ya chumba. Georgi akishakuwapo, sote tunakaa upande wake. Tunawacheka wale, na kicheko hakiturudii. Na Koster alikuwa na mchezaji wa kazi hiyo. Kaye alizaliwa Brooklyn, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ukraine, nchi ileile alikozaliwa Gogol, na ana uso ambao huwezi kuutazama ukaudhania ubaya. Sijisikii kumlaumu mtu. Watu wanalipa kiingilio ili watoke wakiwa wepesi, na mimi nililala mwepesi. Ila nilikuwa nimelala upande wa Georgi, na sikuwa na haki hiyo.

Nilijua hivyo nilipofika kwenye kurasa za mwanzo kabisa, ambapo meya anawakusanya wakuu wa idara na kuwaelekeza jinsi ya kujiandaa. Wagonjwa hospitalini wavalishwe kofia safi, na ingefaa wawe wachache. Mabata bukini waondolewe kwenye baraza la mahakama. Ua wa zamani ubomolewe haraka na paonekane panapimwa viwanja. Akiuliza kwa nini kanisa lililotengewa fedha miaka mitano iliyopita halipo, aambiwe lilianza kujengwa likaungua. Anayetetemeka kuliko wote ni Khlopov, msimamizi wa shule, ambaye anasema hamtakii mtu yeyote kutumikia katika idara ya elimu. Hapo baba alikuwa anacheka mpaka anavua miwani. Sisi watoto tulicheka kwa sababu baba anacheka.

Mwaka 2008 nilikuwa darasa la nne, na baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule niliyosoma, shule ya kijijini ambayo sitaitaja. Habari za ukaguzi zilifika Jumatano jioni kwa simu ya mwalimu wa shule jirani: leo wako kwetu, kesho kutwa ni zamu yenu. Meya wa Gogol naye alipata habari zake kwa barua ya rafiki.

Alhamisi hatukusoma. Tulifyeka, tulifagia, tulipaka chokaa mawe yanayozunguka mlingoti wa bendera. Vitabu vya kiada vilivyokuwa vinalala kabatini ofisini, kwa kuogopa tusivichane, viligawiwa kimoja kwa watoto wawili, tukafundishwa kuvishika kama watu tuliovizoea. Madawati kumi na mawili yaliletwa na mkokoteni wa ng'ombe kutoka shule jirani, ileile iliyokwisha kukaguliwa. Walimu walikesha wakiandika maandalio ya masomo ya miezi miwili iliyopita, wakibadilisha kalamu ili wino usifanane. Nyumbani mama alikamata majogoo mawili. Hakuna lililonishangaza katika hayo. Nilikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na pilikapilika zile niliziona za kwetu, kama harusi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kwenye daftari la mahudhurio darasa letu lilikuwa na watoto 61. Waliokuwa wanakuja kila siku hawakuzidi 45. Wengine walikuwa machungani, wengine wamehama na wazazi wao bila kuaga. Majina yao yalibaki, kwa sababu ruzuku ya shule ilihesabiwa kwa kichwa: kiwango kilichopangwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na shuleni kwetu kilichofika kilikuwa pungufu. Kufuta majina kulikuwa ni kufuta maboksi ya chaki. Miaka ya baadaye, serikali ilipoanza kuwasaka, watoto wa namna hiyo walipata jina: wanafunzi hewa.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu. Nitamwita Tumaini. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Alikuwa fundi wa kuruka kamba, na alijua kuiga walimu wote, baba yangu akiwamo; alikuwa na kile kikohozi chake kifupi cha kabla ya kusema jambo zito. Mwezi wa sita alikuja mama mmoja kutoka mjini, akaongea na wazazi wake, na baada ya likizo Tumaini hakurudi. Kijiji kizima kilijua amekwenda kufanya kazi za ndani. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Ijumaa asubuhi mwalimu wetu wa darasa alipanga nani ataitikia badala ya nani. Watoto kadhaa wa darasa la tatu waliletwa kujaza nafasi. Alipofika kwa Tumaini akanitazama mimi. "Wewe mlikuwa mnakaa wote. Utamwitikia. Badilisha sauti kidogo." Alisema kama mtu anayeniomba nimshikie kitabu.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye miwani, suruali yake imeshika vumbi la barabarani. Tulisimama tukamwamkia kwa pamoja, akaketi nyuma ya darasa. Jina langu likaitwa, nikasema, "Nipo, mwalimu." Majina kama kumi baadaye likaitwa la Tumaini. Ningeweza kutumia sauti yoyote. Niliinamisha kichwa nikatumia ya kwake, ile nyembamba inayopanda mwishoni: "Nipo, mwalimu." Niliiga vizuri sana. Wasichana wawili mbele yangu walijikunja kwa kuzuia kicheko. Mkaguzi aliinua macho juu ya miwani, akanitazama kidogo, akaandika.

Mchana walikula kwetu. Mzee aliusifu mchuzi wa mama. Baba alimsindikiza hadi kwenye gari, wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, nami nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba bahasha ilikuwa inahama. Jioni baba alifungua redio akaimba nayo. Jumatatu madawati yalirudi kwao.

Sikuwahi kulisimulia jambo hilo kama kosa. Shuleni sekondari nililisimulia kama kichekesho, na watu walicheka, kila mmoja akatoa cha shuleni kwao. Lilikuwa na kila kitu cha filamu ya Koster: wakubwa wenye hofu, chakula, mkaguzi aliyedanganywa. Nilichokuwa sijajiuliza ni mimi ni nani katika filamu hiyo. Georgi siye. Yeye angeulizwa kuhusu Tumaini, ukweli ungemponyoka.

Kuna mahali katika sehemu ya nne ya tamthilia ambapo wakubwa wa mji wanaingia mmojammoja kwa Khlestakov kumpa "mkopo". Mwisho wanaingia Dobchinsky na Bobchinsky, wale wambea wawili wa mji, ambao mifuko yao haina kitu cha maana. Bobchinsky ana ombi dogo. Mheshimiwa akirudi St. Petersburg, awaambie wakubwa wote, maseneta na maadmirali, na ikiwezekana Tsar mwenyewe, kwamba katika mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi, hilo tu. Haombi fedha wala cheo. Baba alikuwa anamsoma kwa sauti ya chiriku, nasi tulikuwa tunagaagaa mkekani.

Katika filamu ombi hilo sikulikuta. Brodny ina wezi na ina watu wema, na kila mtu amepangwa upande wake. Haina mtu ambaye shida yake ni kwamba hakuna anayejua kuwa yupo. Nilipolifikia ombi hilo kitabuni, usiku ule wa pili, nilikaa nalo. Mkaguzi yule mzee alikuwa mtu pekee niliyewahi kumwona akitoka nje na kuja kijijini kwetu kwa kazi ya kuuliza nani yupo. Jina la Tumaini lilisemwa mbele yake kwa sauti. Kama ningenyamaza sekunde tatu, kungekuwa na pengo kwenye karatasi yake, na pengo huenda likaulizwa. Mimi nikalijaza. Najua nilikuwa mtoto wa miaka kumi na niliagizwa na mtu mzima. Huwa najiambia hivyo, na ni kweli. Lakini ile sauti hakuniagiza mtu. Nilitaka kuchekesha.

Gogol ana kitabu kingine, Nafsi Zilizokufa, kilichotoka mwaka uleule wa 1842. Humo bwana mmoja anazunguka kununua majina ya watwana waliokwisha kufa ambao bado wamo kwenye sensa, kwa kuwa kwenye makaratasi ya serikali wako hai na wanaweza kuwekwa rehani. Nilikuwa nimekisoma mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nikapata alama nzuri, na kwa namna fulani sikukumbuka daftari la mahudhurio hata mara moja.

Jumapili nilimpigia baba. Amestaafu, analima alizeti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Za masomo?"

Nilimweleza habari za filamu. Alifurahi kama mtu aliyesikia rafiki yake wa zamani amefika mjini. Aliuliza meya wao ni mnene. Nikamwambia ni mnene. Akasema hapo wamepatia. Tukacheka. Kisha nikamwuliza kama anakumbuka ukaguzi wa mwaka 2008.

"Zilikuwa nyingi. Upi?"

"Ule niliomwitikia Tumaini."

Akakohoa. Kikohozi kilekile kifupi. Nilisubiri.

"Yule mzee alijua," akasema. "Aliniambia pale garini. Mwalimu, una mtoto anaitikia mara mbili. Nikamwambia huyo ni wangu. Akacheka."

"Akaandika wangapi?"

"Kama walivyokuwa kwenye daftari."

Nilikuwa nimeishi miaka kumi na sita nikidhani tulimdanganya mtu. Nikamwuliza baba kama alijua Tumaini yuko wapi.

"Nani hakujua? Nilimwandikia mtendaji wa kijiji, hakunijibu. Ningeandika mtoro, baba yake angetozwa faini asiyo nayo, na mtoto asingerudi vilevile. Nikaliacha jina. Nikasema akirudi alikute."

"Na chaki?"

Alinyamaza. Nilisikia kuku wa mama nyuma yake.

"Na chaki," akasema. "Sitakudanganya, mama. Na chaki."

Sikuwa na la kumjibu. Baba yangu si meya wa Brodny. Hakujenga nyumba kwa fedha za shule. Chaki zilinunuliwa na zilitumika, na mimi nilijifunza kuandika kwa chaki hizo. Mtu wa namna yake hana nafasi katika filamu ile, kwa sababu pale mwisho mkufu ni mmoja na shingo lazima iwe ya mwema au ya mwovu. Kwa Gogol angepata nafasi. Angeganda na wenzake jukwaani, na mimi kando yake, mdomo wazi.

Kabla ya kukata simu aliniomba nimtumie hiyo filamu. Niliiweka kwenye flashi, nikampa kondakta wa basi, na mdogo wangu akamfungulia. Siku nne baadaye baba alipiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kwa kuwa anaona vocha ni mali.

"Huyo mwenye nywele nyekundu anachekesha," akasema. "Mama yako amecheka mpaka amekaa chini. Lakini huyo mkaguzi wa kweli wamemtoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Anaingia, siku hiyohiyo ameona wezi wote, amemwona na mkweli, amemvika dhahabu. Miaka yote niliyofanya kazi sijamwona wa hivyo. Wa Gogol ndiye mzuri."

"Baba, wa Gogol haonekani kabisa."

"Ndiyo maana," akasema. "Akishaonekana itabidi ale."

Sentensi hiyo niliiiba nikaiweka kwenye semina, nikisema ni ya "msomaji mmoja mkongwe". Niliwaonyesha wenzangu kipande cha farasi, wakacheka vizuri. Nilizungumza dakika ishirini kuhusu miisho miwili: mmoja unaowaleta watu nyumbani salama, mwingine unaowaacha wamesimama. Kuhusu Tumaini sikusema kitu. Mhadhiri alinipa alama za kuridhisha, na pembeni mwa karatasi akaandika kwa penseli: wewe mwenyewe unaupenda upi? Sijamjibu. Ukweli ni kwamba naipenda filamu ya Koster. Nimeitazama tena mara mbili tangu siku hiyo, na kila nikifika kwenye mkufu machozi yananilenga. Natamani sana awepo mkaguzi wa hivyo. Natamani angekuja Ijumaa ile.

Mama, ambaye hatukumwambia lolote lakini alisikia yote, ndiye aliyeitafuta namba. Tumaini anaishi mjini, mji mwingine sio ule aliopelekwa kwanza. Ana watoto wawili na anauza maandazi na chai karibu na stendi. Mtoto mkubwa ameanza darasa la kwanza. Nilimwuliza mama kama Tumaini anajua habari ya ukaguzi.

"Anajua. Wenzenu walimsimulia alipokuja kwenye msiba wa bibi yake. Alicheka sana. Akasema kumbe siku hiyo alihudhuria."

Nimeifikiria sana hiyo "alicheka sana". Sijui ni kicheko cha namna gani, na mama hawezi kuniambia, kwake kicheko ni kicheko.

Namba ninayo kwa wiki ya tano sasa. Mara moja niliandika ujumbe mrefu, wenye maelezo mengi, nikaufuta. Ulisomeka kama semina. Nimeamua nitapiga tu, Jumapili hii, saa za jioni akiwa amefunga biashara. Sijapanga maneno. Kinachonitia hofu ni kitu kidogo sana: kwamba atapokea, na kwa kuwa hana namba yangu atauliza kama anavyouliza mtu yeyote, "Nani mwenzangu?" Itabidi nitaje jina, na nilitaje kwa sauti yangu.